Punguza Volti, Lorine

Dunga, Kisumu
9 Machi 2025

Mpendwa Khaemba,

Habari za Doha? Huku tu wazima. Sitaki kuanza na malalamiko, lakini nitaanza na malalamiko.

Laptopu uliyoniachia inataka kuniua. Ile programu ya kusoma joto inasema digrii tisini na saba. Ikifika hapo inaanza kutambaa, kisha inajizima bila kuaga. Jana nilikuwa natoa filamu ya mazishi ya babake Winny niliyoihariri, ikafa mara tatu. Na unajua watu wa huku, wanataka filamu ya mazishi kabla machozi hayajakauka. Nimeiweka juu ya matofali mawili, nimeielekezea feni ya meza, nimefungua dirisha la upande wa ziwa kila jioni, bado. Mabati yetu nayo unayajua. Wanaiita kipakatalishi, na mimi siku hizi siipakati kabisa.

Jambo la pili. Kwa nini hunipigii video? Mume wa Debra yuko Qatar hiyo hiyo, na kila jioni anaonekana amekaa kitandani anakula. Wewe unaniandikia barua pepe ndefu kama katibu wa kata. Nataka unione, Khaemba, si kunisoma tu.

Kanisani wanakusalimu. Leo nimesimama tena kutoa ushuhuda kwa niaba yako, na Mzee Zadock ameomba tena kwa ajili ya ndege zote zinazoruka kwenda Uarabuni. Anauliza kama sanduku lake la magurudumu lilifika bila kuvunjika.

Wako,
Lorine


Doha
11 Machi 2025

Mke wangu Lorine,

Nisamehe kuhusu video. Kambi yetu haina mtandao wa kutosha na msimamizi ni mkali. Naandika kwa kompyuta ya ofisi zamu ikiisha. Mwambie Mzee sanduku liko salama.

Sasa hilo joto. Niliisafisha feni mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa hiyo tuiache. Dawa ni kupunguza volti za prosesa. Usiogope, si kuifungua wala kuichokoa. Prosesa ikitoka kiwandani hupangiwa umeme kidogo zaidi ya inaohitaji, ili hata ile iliyo dhaifu katika kundi lake isianguke. Ni kama mama anayepakulia watoto wote sahani ya yule mlafi. Ile ziada haiongezi kazi, inaishia kuwa joto. Tukiipunguza, kazi itabaki ile ile na joto litashuka.

Fungua programu niliyokuwekea kwenye uso wa kioo chake, ile yenye alama ya kishale. Kuna mahali pa kiini cha prosesa na mahali pa kache, kumbukumbu yake ndogo. Pote pawili weka namba moja. Anza na milivolti hasi hamsini. Toa filamu fupi. Ikivumilia, nenda hasi sitini, kesho sabini. Kidogo kidogo. Ikiganda, rudi nyuma hatua mbili na ukae hapo. Usiulize watu wengine yao ni ngapi, maana kila prosesa ina uvumilivu wake. Na ikikuomba kusasisha programu za ubao mama wake, kataa, kwa sababu masasisho mengine hufunga njia hii.

Sasa shika hili kuliko yote: usiiambie ijiwekee namba hizo yenyewe kila ikiamka, mpaka iwe imekaa wiki nzima bila kuganda. Ukikosea sasa, unazima na kuwasha, inarudi ya zamani. Ukiwa umeiagiza ijiwekee, itaanguka kila asubuhi kabla hujaifikia.

Hapa nina laptopu kama hiyo, ya mwenzangu. Kila nitakachokuambia nitakuwa nimekijaribu kwanza.

Siwezi kutulia nikijua kazi yako imesimama. Nifikirie unapobonyeza.

Khaemba


Dunga
15 Machi 2025

Dada Apiyo,

Salamu kwenu huko Busia. Nakuandikia kwa sababu kwa simu mama atasikia, na mama akisikia Dunga nzima imesikia.

Nina mimba ya miezi mitatu. Khaemba hajui.

Usinigombeze bado. Unakumbuka ile ya kwanza, alikuwa kibaruani Eldoret, nikampigia simu nikamwambia. Wiki chache baadaye nikampigia tena kumwambia imetoka. Ya pili vivyo hivyo, simu ya kusema ipo na simu ya kusema haipo. Sitaki simu ya tatu, Apiyo, wala barua. Nimeapa kwamba hii hatakuja kuisikia kwa maneno. Ataiona kwa macho, nikiwa nimesimama, tumbo limenitangulia, jambo ambalo hata mimi sijawahi kuliona.

Kwa hiyo ninachotaka ni video ya dakika moja tu. Na hiyo dakika moja ndiyo hanipi. Ananiandikia kuhusu volti. Namba zake nazifuata, na kweli joto limeshuka kidogo, lakini mimi ndani situlii. Nasimama, nakaa, naenda mlangoni, narudi.

Nduguyo,
Lorine


Busia
16 Machi 2025

Lorine,

Mwambie leo! Unacheza na nini? Na huyo shemeji yangu, mtu asiyetaka kuonekana ana kitu kinachoonekana. Muulize kuna mwanamke gani nyuma yake kwenye hicho chumba. Kula vidagaa vya omena, lala mchana, punguza kubeba maji.

Apiyo


Dunga
27 Machi 2025

Khaemba,

Imekufa.

Nilikuwa nimefika hasi themanini vizuri. Lakini kila asubuhi kuandika namba zile zile, na stima ikipotea naanza upya, nikachoka. Nikaruka mpaka hasi mia moja na hamsini. Ikavumilia nikiandika barua, nikajiambia, si unaona? Nikaiagiza ijiwekee yenyewe. Ndiyo, lile lile uliloniambia nisiguse. Sasa inawaka, inaonyesha ukurasa wa kwanza, inaganda, inazima. Inawaka, inaganda, inazima.

Wabwire wa Mamboleo amekaa kwenye kochi langu tangu saa nne na bibi arusi wake mpya. Harusi yao yote imo humo ndani. Nimewapa chai. Nimewapa chai tena. Bibi arusi ameanza kunifariji mimi, na hiyo ndiyo imeniudhi zaidi. Nakuandikia kwa simu nikiwa nje.

Kosa ni langu na ninalijua. Lakini nakukasirikia wewe, kwa sababu wewe uko mbali na wao wako kwenye kochi.

Lorine


Doha
27 Machi 2025

Lorine,

Vuta pumzi. Harusi haijapotea, kilichoharibika ni kule kuamka tu.

Iwashe, na ikiwa katikati ya kuamka shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mpaka ilete ukurasa wa matengenezo. Tafuta hali salama. Ukiingia kwa mlango huo programu zetu hazijiwashi zenyewe, kwa hiyo haitajinyima umeme. Ukiwa ndani, futa lile faili la mipangilio lililo kwenye folda yenye kishale. Zima, washa kama kawaida.

Sijala. Nimekaa hapa nasubiri. Niandikie ikiwaka, hata neno moja.

Na kwa nini una haraka hivi siku hizi? Kati yetu wewe ndiye uliyekuwa ukinishika shati nikikimbia. Kuna nini?

Khaemba


Dunga
27 Machi 2025

Imewaka.

L.


Dunga
13 Aprili 2025

Mpendwa Khaemba,

Wabwire alipata harusi yake, na bibi arusi amenitumia wateja wawili kutoka Nyamasaria. Nimetulia kwenye hasi tisini. Nilipojaribu mia moja na kumi iliganda, nikarudi nyuma hatua mbili kama mtoto mtiifu.

Lakini kuna kitu sikielewi. Siku ya kwanza ya hasi tisini joto lilikuwa themanini na nne, nikaimba. Wiki ya kwanza ya Aprili likawa themanini na saba. Jana tisini na moja. Namba sijazigusa. Je, niipunguzie tena? Au volti huwa zinarudi zenyewe kama kuku?

Uliniuliza kuna nini. Kuna kitu, ndiyo. Ni kizuri, au naomba kiwe kizuri. Sitakiandika. Nipigie Jumapili ya Pasaka, dakika moja tu. Huhitaji kusema chochote. Mimi nitasimama mbele ya kamera na wewe utaangalia. Nakuomba, Khaemba. Sijakuomba kitu kingine tangu uondoke, ila ushauri wa laptopu.

Lorine


Doha
14 Aprili 2025

Lorine wangu,

Usipunguze tena! Joto linalopanda pole pole wiki hadi wiki halitokani na volti. Feni imeziba. Nilikuambia tuiache kwa sababu niliisafisha, lakini Januari ni mbali, na wewe umeniambia mwenyewe unafanya kazi dirisha likiwa wazi jioni na kioo kinawaka.

Fungua kifuniko cha chini, skrubu zote ni za aina moja. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, upepete kwa brashi laini kuelekea nje. Hii ya hapa ilifanya vivyo hivyo. Juzi niliifungua nikakuta vidudu vya ziwani vimekaukia kwenye mapezi ya shaba ya kutolea joto, vimeshikana kama uji uliogandia sufuriani. Nilivikwangua nikajaza kifuniko cha chupa. Joto likashuka papo hapo. Ukimaliza, rudi hasi tisini yako, ni namba nzuri, na usifungue dirisha usiku wa giza vidudu hivyo vinapopanda kutoka majini.

Kuhusu Pasaka, msimamizi amekataa simu za video kabisa. Nisamehe. Niandikie hicho kizuri, nina hamu nacho. Au kinahusu kazi?

Khaemba


Dunga
22 Aprili 2025

Khaemba,

Nimeisafisha. Ilikuwa kama ulivyosema, uji wa vidudu. Joto sasa ni sabini na mbili, filamu ya saa tatu imetoka bila kusimama. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Kisha nikakaa. Nikafungua barua yako nikaisoma tena.

Doha kuna ziwa gani?

Lorine


Mbita
2 Mei 2025

Lorine,

Nimeandika barua hii nikaifuta, nikaandika nikaifuta. Unaona nimeandika Mbita hapo juu. Niko Mbita.

Sikufika Doha. Sikufika hata kwenye ndege. Tulikuwa kundi zima mbele ya ofisi ya yule wakala Nairobi, kila mtu na sanduku lake, na mlango una kufuli. Mlinzi akatuambia wamehama. Nilikaa Nairobi nikimtafuta mpaka nikaishiwa. Kisha nikapanda basi nikarudi.

Nilifika Kisumu, Lorine. Nilifika mpaka stendi. Nilikuwa nakuja nyumbani. Nikamwona Mama Nabututu wa kwaya ananunua nyanya, nikakumbuka ile siku ya kunisindikiza. Mliimba. Watu walichanga nauli yangu wakiwa wenyewe hawana. Mzee Zadock alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya kanisa zima akasema kijana wetu anatoka na baraka zetu. Na mimi nimesimama stendi na sanduku lake. Nikajificha nyuma ya kibanda cha magazeti, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linaita abiria. Lilikuwa la Mbita.

Hapa natengeneza simu na laptopu katika kibanda cha mzee mmoja anaitwa Adongo. Walimu wananiletea mashine zao, na wenye mitumbwi simu zilizoanguka majini. Napata chakula na kidogo cha kukutumia. Hakuna mwanamke mwingine, kama ulikuwa unawaza hivyo. Nina aibu tu. Nimewaka nayo tangu Januari na hakuna namba ya kuipunguza.

Sasa nisikilize. Mkataba wangu ulikuwa uishe Desemba. Nipe mpaka Desemba. Nitakuwa nimeweka kitu, nitanunua nguo mpya, nitatua kwa sanduku kama mtu aliyetoka safari, na hakuna atakayejua. Hapa kuna mtu alifanya hivyo na mpaka leo kwao wanamwita Mwarabu. Wewe endelea tu na ushuhuda. Ni miezi saba tu.

Nihurumie.

Khaemba


Dunga
12 Mei 2025

Khaemba,

Nimekaa siku kumi bila kukujibu kwa sababu kila nilichotaka kusema kilikuwa tusi.

Kukosa kazi hakukunikasirisha. Kutapeliwa hakukunikasirisha, nusu ya Kisumu imetapeliwa. Ninachokasirikia ni kwamba ulifika stendi. Ulikuwa karibu nami hivyo, ukageuka kwa sababu ya nyanya za Mama Nabututu. Na mimi mwezi baada ya mwezi nasimama mbele za watu nikisema bwana wangu anawasalimu kutoka Doha. Umenifanya mwongo bila kuniambia, na sasa unaniomba niwe mwongo kwa kujua. Mpaka Desemba! Mimi sina mpaka Desemba, Khaemba. Utajua kwa nini.

Jana kanisani wakati wa ushuhuda ulipofika, nilisimama. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mume wangu hayuko Doha. Alitapeliwa na wakala, akaona aibu, ako Mbita anatengeneza simu. Mimi mwenyewe nimejua juzi."

Mtu mmoja nyuma akafyonya. Mzee Zadock akainuka pole pole, unavyomjua na magoti yake.

"Ako Mbita? Mbita hii yetu?"

"Ndio, Mzee."

"Ya hapa tu, ya kuvuka na feri?"

"Ndio."

"Na sisi tumekuwa tukiombea ndege! Kila Jumapili ndege! Nyasaye, Mungu wetu, naye ananiangalia tu!"

Khaemba, walicheka. Nilidhani watanipiga mawe na wakacheka mpaka mpiga kinanda akafuta machozi. Si wote. Kuna waliochanga wakakunja uso, na wana haki, utawatazama wewe mwenyewe. Lakini Mama Nabututu alikuja akanikumbatia katikati ya ibada akasema, "Si angeniita tu pale stage? Ningembebea hata hiyo sanduku." Na Mzee mwishoni akaomba tena, safari hii akaomba barabara ya Mbita iwe kavu.

Kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kudanganywa. Hapo ulipojificha hapamfichi mtu tena.

Jumapili baada ya ibada nitakupigia video. Shika simu. Usiseme kitu, uangalie tu. Ukishaona, uamue mwenyewe.

Lorine


Mbita
18 Mei 2025

Lorine,

Naandika kwa simu nikiwa kwenye foleni ya feri.

Ulipoinuka kwenye kiti nilidhani unaenda kufunga dirisha. Kisha ukarudi nyuma hatua moja, ukageuka upande, ukaweka mkono chini ya tumbo. Nikaona. Ukaniangalia tu. Ukakata.

Nilikuwa nimeshika bisibisi, na simu ya mteja iko wazi mezani. Mzee Adongo akaniuliza, "Ni nini? Kuna mtu amekufa?" Nikamwambia hapana, mke wangu amesimama. Akaniangalia kana kwamba nina homa, akachukua bisibisi mkononi mwangu akasema, "Basi enda."

Nimezihesabu Jumapili zote tangu uliponiomba dakika moja. Naona haya kuliko nilivyoona haya stendi.

Zile mara mbili uliponiambia kwa simu, sikujua la kusema. Zile mara mbili ulipopiga tena, nikakuuliza kama umekula. Ndicho kitu pekee nilichokuuliza, na nimekikumbuka miaka hii yote, kwamba ulikuwa unanililia na mimi nakuuliza chakula. Hata leo sina maneno. Naogopa hii pia, Lorine. Naogopa sana. Lakini nataka kuiogopa nikiwa hapo hapo ulipo.

Feri imefika, wanapakia magari kwanza. Sina kazi, sina nguo mpya, na nitapita mbele ya kanisa mchana kweupe, watu wakiniona.

Nikifika usiinuke kunipokea. Nimekwisha kukuona umesimama. Kaa tu, mimi nitasimama mlangoni mpaka uniambie niingie.

Khaemba